Python yaweza kubeba dirisha zito la duka, ama nihamie lugha nyingine?

Tuktuk_Dev

Assalamu alaykum wakuu. Nina programu nimeiandikia duka la ami yangu hapa Mwembe Tayari, duka la spea za tuktuk na pikipiki. Nimetumia Python na Tkinter (maktaba yake ya kuunda madirisha), databesi ni SQLite. Kazi yake ni hivi: mteja asema ataka klachi kebo ya Boxer, kijana wa kaunta aandika herufi mbili tatu, orodha yaja na bei na idadi iliyobaki, akichagua yaingia kwa risiti na ile printa ndogo yatoa karatasi. Mpaka hapo ilikuwa sawa na ami alifurahi sana.

Tabu imeanza orodha ilivyokua. Sasa tuna vitu kama elfu nane, na kila herufi ikiandikwa dirisha laganda kidogo kisha lashtuka laleta yote kwa mpigo. Na juzi nimeongeza kitu cha kuuliza kama malipo ya simu yameingia, basi mtandao ukizubaa dirisha lote lawa jeupe, Windows yaandika pale juu kwamba programu haijibu, kijana anaifunga kwa nguvu na mteja yuko pale amesimama na boda yake yamngoja nje.

Juu ya hayo ami ataka muonekano wa maana: picha ya spea kando, mstari uwe mwekundu kitu kikikaribia kuisha, na grafu ya mauzo ya wiki. Rafiki yangu mmoja anayeandika programu kwa kampuni ya kliaringi aniambia lugha za skripti si za madirisha, niache Python niende C# au C++. Mwingine asema Electron, ile ya kuunda programu za madirisha kwa HTML na JavaScript, ndo mambo yote. Mimi Python ndo naijua vizuri na kuandika yote upya ni miezi. Kompyuta ni mbili, ya kaunta ina Windows 10 na RAM 4GB, ya stoo ni kizee cha Windows 7. Sitaki ubishi wa lugha gani bora, nataka tu kujua kama Python yaweza kubeba dirisha zito ama ndo nimefika mwisho wake.

Fundi_Makupa

Waalaykum salaam kaka. Hujafika mwisho, hata hujakaribia. Kwanza elewa jambo moja maana likikuingia hili mengine yote yatanyooka: ukitumia Python na fremuweki ya madirisha kama Qt, si Python inayochora dirisha. Kuchora herufi, kuteleza kwa orodha, kupokea panya na kibodi, yote hayo yafanywa na C++ ndani ya Qt. Python kazi yake ni kuamuru: weka kitufe hapa, kikibonyezwa fanya hivi. Calibre, ile programu ya kupanga vitabu vya kielektroniki, ni Python juu ya Qt na watu wabeba maktaba kubwa kubwa humo. QGIS ya ramani imeandikwa C++ lakini plagini zake karibu zote ni Python, zatoa madirisha yao wenyewe na mtumiaji hata hajui.

Sasa tabu huwa wapi? Iko pale mpakani, Python inapopita kwenda C++ na kurudi. Kuvuka kwenyewe si ghali, ghali ni kuvuka mara nyingi. Ni kama feri ya Likoni, ukivuka na gunia zima la machungwa umemaliza kazi, ukitaka kuvuka na chungwa moja moja hata feri iwe mpya vipi jua litakuchwa hujamaliza. Wewe saa hii kila herufi wafuta mistari elfu nane na kuingiza mistari elfu nane, na kila mstari ni safari yake.

Ukihamia Qt usikimbilie QTableWidget, ile yataka uiundie kitu kimoja kwa kila seli, na vitu elfu nane mara safu sita ni karibu elfu hamsini, yaani utarudi palepale. Tumia QTableView na modeli yako mwenyewe ya QAbstractTableModel. Hapo data yakaa kwa orodha ya kawaida ya Python, na jedwali lenyewe ndo lauliza: mstari wa 40 safu ya 2 niandike nini? Lauliza kwa ile mistari inayoonekana kwa skrini tu, thelathini hivi, haijali huku nyuma una elfu nane ama laki moja.

Angalia mfano wa ule mstari mwekundu wa ami:

def data(self, index, role=Qt.DisplayRole):
    m = self.mistari[index.row()]
    if role == Qt.DisplayRole:
        return str(m[index.column()])
    if role == Qt.BackgroundRole and m[3] < 5:
        return self.nyekundu

Umeona self.nyekundu? Rangi hiyo iunde mara moja tu pale modeli inapozaliwa. Maana hii data() yaitwa mara nyingi ajabu, kwa seli moja Qt yauliza maandishi, kisha fonti, kisha rangi ya nyuma, rangi ya mbele, mpangilio, ikoni, kila moja ni swali lake. Ukiweka SELECT (swali la databesi) ndani ya hii fankishoni umejimaliza, na wengi huweka. Kitu kingine ni resizeColumnsToContents, usiite kila ukitafuta, kwa kawaida yaenda kupima mpaka mistari 1000 ili ijue upana wa safu. Weka upana kwa mkono, bei haihitaji kupimwa.

Kuhusu kutafuta, kuna QSortFilterProxyModel na wengi waipenda. Lakini hata kichujio chake cha kawaida huita data() yako ya Python kwa kila mstari, yaani mara elfu nane kwa kila herufi. Ukiandika filterAcceptsRow yako kwa Python basi safari za mpakani zazidi tena. Mwachie SQLite atafute, hiyo ndo kazi yake.

Mzee_wa_Tudor

Mwanangu, kabla hujahama nyumba hebu tengeneza hii kwanza. Tkinter haina kosa hapa, na hayo mawili yanayokusumbua utayatatua leo leo bila kugusa Qt.

Moja, weka ORDER BY jina LIMIT 100 kwa swali lako la SQLite. Hakuna kijana wa kaunta atakayesoma mistari elfu nane, akiona mia ya kwanza na hajapata ataongeza herufi. Mbili, usitafute kila herufi, subiri mkono utulie:

def ameandika(e):
    global saa
    if saa: root.after_cancel(saa)
    saa = root.after(250, tafuta)

Hiyo 250 ni milisekunde. Na kama mna skana ya bakodi hii ndo lazima kabisa, maana skana kwa kompyuta ni kibodi tu, yaandika tarakimu kumi na tatu kwa mfululizo kisha yabonyeza Enter, na wewe kwa kila tarakimu ulikuwa wajaza orodha upya.

Niseme pia kuhusu huyo rafiki wa kliaringi. Hili wazo la lugha ya skripti kushika madirisha si la juzi. John Ousterhout alianza lugha ya skripti ya Tcl mwaka 1988 pale Chuo cha Berkeley akaiongezea Tk ya kuunda madirisha, na nia ilikuwa ndo hii hii, sehemu nzito ziandikwe kwa C na lugha nyepesi iziunganishe. Hiyo Tkinter unayotumia ni hiyo Tk, na kila ukiweka mstari, Python yamwita Tcl huko ndani. Hata SQLite yako ilianza kama nyongeza ya Tcl. Watu wameunda hivi tangu wewe hujazaliwa pengine, na zimefanya kazi.

Ila kwa picha na grafu na muonekano anaoutaka ami yako, hapo nakubali Tk itakuchosha. Nenda Qt, lakini nenda ukiwa duka latembea.

Nyali_Kodi

Mimi nitamtetea mtu wa Electron kidogo. JavaScript nayo ni lugha ya skripti kama Python tu, na VS Code ambayo nusu yetu humu twaandikia imejengwa na Electron. Ukijua HTML na CSS muonekano waupata upesi kuliko Qt, picha kando, rangi, grafu, vyote viko tayari, na kesho ami akitaka kuona mauzo kwa simu kazi nyingi ushaimaliza. Pia ukitafuta kijana wa kukusaidia hapa Mombasa, wa JavaScript utampata haraka kuliko wa Qt, hilo ni jambo la kweli la kufikiria kama programu itaishi miaka.

Bint_Kisauni

@Nyali_Kodi sikatai kaka, lakini soma kompyuta zake. Electron yabeba Chromium nzima na Node.js ndani ya kila programu, na kwa RAM 4GB ambayo Windows ishajichukulia chake, na kijana ana brauza wazi na YouTube, utaihisi. Na kile kizee cha stoo kimetolewa kabisa, kuanzia Electron 23 mwaka 2023 Windows 7 haiko tena. Kwa duka hili siioni.

@Tuktuk_Dev sasa hili la dirisha kuwa jeupe, naomba ulishike sana kwa sababu litakufuata hata ukihamia Qt, hata ukihamia C# litakufuata. Dirisha lote laendeshwa na thredi moja (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu), thredi kuu. Hiyo ndo yazunguka ikiuliza: panya imefanya nini, kibodi imefanya nini, kuna kitu cha kuchora? Wewe ukiweka requests.get ndani ya kitufe umeisimamisha hapo hapo ingoje jibu la mtandao, na ikingoja haichori wala haisikii kitu. Windows ikiona sekunde kadhaa programu haiitikii ndo yaipaka ule weupe.

Kwa hivyo swali la malipo lipeleke thredi nyingine. Utasikia watu wakisema ah Python ina GIL, ile kufuli inayoruhusu thredi moja tu kuendesha Python kwa wakati mmoja, thredi hazisaidii. Kwa kazi ya kungoja zasaidia kabisa, Python ikingoja mtandao au diski huiachia ile kufuli na thredi kuu yaendelea kuchora. GIL inakubana ukiwa na hesabu nzito za Python tupu, na duka la spea halina hesabu hizo, ukiwa nazo siku moja utatumia multiprocessing. Wameanza na kuitoa, Python 3.13 ya mwaka 2024 ilileta toleo la majaribio lisilo na GIL, lakini wewe huna haja nalo.

Sheria yenyewe ni moja na haina msamaha: thredi ya pembeni isiguse wijeti yoyote. Isiandike kwa lebo, isibadilishe rangi ya kitufe, hata kama leo imekubali, kesho itaanguka bila hata ujumbe wa kosa. Kwenye Qt thredi yako yatoa signali "malipo yameingia" na Qt yenyewe yaiweka foleni mpaka thredi kuu iichukue. Kwenye Tkinter tumia queue.Queue na root.after ya kuichungulia kila milisekunde 100. Kitu kingine cha hapo hapo, koneksheni ya SQLite uliyoifungua kwa thredi kuu haitumiki kwa nyingine, Python itakukatalia, kila thredi ifungue yake.

Na mambo mawili ya Qt na Python ambayo hayako kwa vitabu vya C++ nikuonye mapema. Ukifungua dirisha dogo ndani ya fankishoni na hujaliweka kwa self, fankishoni ikiisha Python yaona hakuna anayelitumia yalizoa, na dirisha lapotea palepale machoni. Mtu atahangaika usiku kucha akidhani ni bagi ya Qt. Liweke self.dirisha_la_bei au ulipe mzazi. La pili ni vitufe unavyoviunda ndani ya luupu: lambda: uza(i) zote zitabeba i ya mwisho, kila kitufe kitauza kitu kimoja. Andika lambda checked, i=i: uza(i), ile checked iko pale kwa sababu clicked hupenda kutuma True ama False yake.

Karani_Shimanzi

Wamemaliza mengi, mimi nitaongea kuhusu kupeleka dukani, maana hapo ndo wengi huangukia.

Windows 7 ndo itakuamulia. Python ya mwisho kukubali Windows 7 ni 3.8, na Qt 6 yataka Windows 10 kwenda juu. Kwa hivyo ukitaka programu moja kwa kompyuta zote mbili ni Python 3.8 na PySide2 5.15 (maktaba ya kutumia Qt 5 kutoka Python), na kama kile kizee ni cha biti 32 utumie Python ya biti 32 wakati wa kufunga na PyInstaller (ile ya kugeuza programu ya Python iwe .exe), yenyewe haibadilishi biti. Lakini mimi ningemwambia ami ukweli: Microsoft iliacha kuipa Windows 7 marekebisho ya usalama Januari 2020, Python 3.8 nayo imefungwa 2024. Kompyuta ya mtumba yenye Windows 11 haishindi bei ya miezi yako. Ukipata hiyo nenda PySide6, ya Qt 6, moja kwa moja.

PyInstaller tumia ile ya folda, usitumie ya faili moja. Ya faili moja kila ikifunguliwa yajimwaga upya kwa folda ya muda, kwa diski ya zamani kijana atabonyeza mara tatu akidhani haijafunguka, na antivirusi nyingi huishuku. Na ukiifunga bila lile dirisha jeusi la amri, makosa yote yapotea hewani, basi weka sys.excepthook yako iandike kila kosa kwa faili la logi. Hapa ndo nampa haki yule rafiki wa C#, kwa sehemu moja: kwa Python ukikosea jina la fankishoni hujui mpaka mtu abonyeze kile kitufe, na pengine ni kitufe cha kurudisha mali kinachobonyezwa mara moja kwa mwezi. Weka taipu kwa fankishoni zako na upitishe mypy (kikaguzi cha taipu) kabla hujapeleka, yashika mengi ya aina hiyo.

Leseni: PyQt, maktaba nyingine ya kutumia Qt kutoka Python, ni GPL (ukiigawa programu lazima utoe na msimbo wake) ama ununue, PySide ni LGPL, isiyokulazimisha hivyo. Ukisema utamuuzia na jirani wa duka la pili bila kumpa msimbo wa programu yako, PySide ndo salama kwako.

La mwisho na hili naomba usilipuuze, kwa vile una kompyuta mbili. Usiweke faili la SQLite kwa folda ya pamoja ya mtandao kaunta na stoo ziandike zote. Kufuli za faili kupitia mtandao haziaminiki na siku moja databesi itaharibika. Ya kaunta iwe ndo yashika faili, ya stoo iulize kwa kupitia programu ndogo ya HTTP, ama uweke PostgreSQL, databesi ya seva. Stima ikipotea katikati ya mauzo SQLite yajirudisha salama yenyewe, mradi mauzo na kupunguza stoku viko ndani ya transakshoni moja.

Tuktuk_Dev

Shukran sana wakuu, Mungu awalipe. Nimeanza na ya Mzee: LIMIT 100 na ile after, na kuganda kumeisha kabisa, kijana wa kaunta ameniuliza kama nimebadilisha kompyuta. Malipo nayo nimeyatoa kwa thredi na queue, jana mtandao ulizubaa asubuhi nzima na dirisha halikuwa jeupe hata mara moja, laandika tu "twangoja" na kijana aendelea na mteja mwingine.

Ami amekubali kubadilisha ile ya stoo, kwa hivyo nitaanza PySide6 polepole pembeni. Maswali mawili: picha za spea ziko kama elfu mbili, zimepigwa kwa simu, kila moja ni megabaiti tatu nne, nizibebe vipi? Na grafu ya wiki nitumie nini? Na kuna mtu asema nitumie QML, ile lugha ya Qt ya kuchora skrini, badala ya wijeti za kawaida.

Bint_Kisauni

Picha zipunguze kabla, siku ya kuziingiza, Pillow, maktaba ya picha ya Python, itazifanya za upana wa pikseli 300 na uziweke kwa folda. Databesi ibebe jina la faili tu. Wakati wa kuonyesha, isome kwa thredi ya pembeni kama QImage, hiyo yaruhusiwa, kisha thredi kuu ndo iigeuze QPixmap. QPixmap usiiunde pembeni. Na usipakie zote elfu mbili, pakia ya mstari uliochaguliwa na uziweke kwa QPixmapCache.

QML ni nzuri sana kwa skrini za kugusa na mambo yanayotembea tembea, na humo ndani utaandika JavaScript kidogo, kwa hivyo utakuwa na lugha mbili za skripti na mipaka miwili ya kufikiria. Kaunta ni kibodi na jedwali, Tab na Enter. Wijeti za kawaida zatosha na zina haraka.

Karani_Shimanzi

Grafu angalia leseni tena, Qt Charts iko kwa GPL ama ya kununua, haimo kwa LGPL. Chukua pyqtgraph, leseni yake ni MIT, yaingia ndani ya dirisha la PySide6 kama wijeti nyingine yoyote, na kwa nguzo saba za wiki BarGraphItem yatosha. Jumla za kila siku zitoe kwa SQL na GROUP BY, usilete mauzo yote kwa Python uanze kujumlisha.